Kisu, Uzi na Sindano

Msomaji mpenzi, watu wanapozungumza habari za madaktari wapasuaji, aghalabu husifu kisu. Husema kwamba fulani ana mkono mwepesi na kisu chake hakikosei. Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni nusu tu ya sifa impasayo daktari. Kukata ni kazi ambayo binadamu aliijua tangu kale, na kila mchinjaji wa sokoni anaijua. Kazi iliyowashinda madaktari kwa karne nyingi ni kuunga kilichokatwa, na hasa kuunga mshipa mkubwa wa damu. Katika insha hii nitakueleza jinsi ujuzi huo ulivyopatikana, ulitoka mikononi mwa nani, na jinsi ulivyowafungulia njia wagonjwa wenye uvimbe ulioshikamana na mishipa mikuu, ambao zamani walirudishwa nyumbani kungoja kufa.

Kwanza yafaa tuielewe shida yenyewe. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kadiri ya lita 5 za damu kwa dakika moja, na damu yote iliyomo mwilini mwake ni kadiri ya lita 5 vilevile. Fanya hesabu, nawe utaona kwamba damu yako yote hupita moyoni karibu mara moja kila dakika. Itokapo moyoni hupita katika mshipa mkuu uitwao aota, ambao unene wake wakaribia ule wa kidole gumba, kisha hugawanyika katika matawi mpaka ikafika ubongoni na vidoleni. Hurudi moyoni kwa mishipa mingine, ambayo kuta zake ni nyembamba na laini zaidi. Mshipa mdogo ukikatwa, damu huganda na kidonda hujifunga. Mshipa mkuu ukikatwa, mtu hufa kabla maji ya chai hayajachemka.

Sasa fikiri habari ya uvimbe. Kuna uvimbe uotao peke yake, ukiwa na mipaka yake, na huo daktari huutoa kama utoavyo kokwa katika parachichi lililoiva. Na kuna uvimbe uotao kando ya mshipa mkuu, ukauzunguka, na pengine ukapenya ndani ya ukuta wake. Ukienda Gede, karibu na Malindi, utaona magofu ya mji wa kale ambamo miti imeota juu ya kuta, mizizi yake ikajiingiza kati ya mawe. Mwenye kutaka kuung'oa mti wa namna hiyo kwa nguvu ataubomoa ukuta pamoja nao. Hali ndiyo hiyo katika mwili. Uvimbe waonekana, mkono waufikia, na kisu kipo; lakini kuuondoa ni kuupasua mshipa ambao mgonjwa hawezi kuishi bila ya huo.

Waganga wa kale hawakuwa wajinga. Celsus, Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alieleza jinsi ya kuifunga kwa uzi mishipa itokayo damu. Karibu miaka elfu moja baadaye, huko Cordoba katika Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi alitunga kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho akaiandika juu ya upasuaji. Humo alichora vyombo vya kazi yake, akaeleza matumizi ya chuma cha moto na ya uzi katika kuzuia damu. Lakini alipofikia habari za saratani iliyokwisha kukua, bingwa huyu alikiri kwa unyofu kwamba hakupata kumponya mtu mwenye ugonjwa huo, wala hakumwona mtu mwingine aliyeweza. Akaonya kwamba heri usikaribiwe. Twapaswa kumheshimu kwa maneno hayo. Mjuzi wa kweli huijua mipaka ya ujuzi wake.

Huko Ulaya maarifa ya uzi yalififia, na chuma cha moto kikatawala. Askari aliyekatwa mguu vitani alishikwa na wenzake huku kidonda kikichomwa mpaka damu ikome. Aliyeurudisha uzi katika kazi hiyo alikuwa Ambroise Paré, kinyozi mpasuaji wa jeshi la Ufaransa, mtu asiyejua Kilatini, na kwa sababu hiyo akidharauliwa na mabwana wa vyuo. Mwaka wa 1552, katika vita, aliacha chuma cha moto baada ya kukata mguu, akaifunga mishipa kwa uzi mmoja mmoja. Kidonda kisichochomwa kilipona vizuri kuliko kilichochomwa, na wagonjwa wakapunguziwa mateso makubwa.

Hata hivyo uzi wa Paré ulikuwa na mpaka wake. Kufunga mshipa ni kama kuziba mfereji wa shamba. Maji hayamwagiki tena, lakini mimea iliyo chini ya mfereji hukauka. Mguu uliokatwa hauna kitu chini yake kinachongoja damu, kwa hiyo mshipa wake waweza kufungwa bila hasara. Lakini ubongo hungoja damu, na matumbo hungoja, na ini hungoja. Mwaka wa 1628 Mwingereza William Harvey alipothibitisha kwamba damu huzunguka mwilini daima, ilidhihirika zaidi kwa nini mshipa mmoja waweza kuzibwa na mwingine hauwezi. Swali likabaki bila jibu: je, mshipa usioweza kuzibwa utakatwaje?

Tazama mfano mmoja uonyeshao jinsi bahati ya mgonjwa ilivyotegemea mahali pa uvimbe. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1809, huko Kentucky katika Marekani, mwanamke aitwaye Jane Todd Crawford alisafiri juu ya farasi mwendo wa maili kama 60 ili afike kwa daktari Ephraim McDowell. Tumboni alikuwa na uvimbe mkubwa wa ovari. Wakati huo hapakuwa na dawa ya usingizi. McDowell alimpasua kwa muda wa dakika 25 hivi, akatoa uvimbe uliozidi ratili 22, na yule mama akapona, akaishi zaidi ya miaka 30 baadaye. Ushujaa wa wote wawili ni wa ajabu. Lakini angalia jambo lililowaokoa: uvimbe ule ulikuwa na kikonyo chake, kama boga lilivyo na kikonyo, na mishipa iliyomo katika kikonyo hicho ilikuwa ikiulisha uvimbe kuliko kitu kingine. McDowell aliifunga kwa uzi, akakata. Lau uvimbe huo ungalikuwa umeukumbatia mshipa upelekao damu kwenye ini, ushujaa wa dunia nzima usingalifaa kitu.

Karne ya 19 ilileta neema mbili kuu. Ya kwanza ni dawa ya usingizi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimvutisha etha kijana mmoja mbele ya madaktari, naye John Collins Warren akamfanyia upasuaji. Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba ugonjwa wa kijana huyo ulikuwa uvimbe wa mishipa ya damu, chini ya taya. Ya pili ni usafi. Mwaka wa 1867 Joseph Lister alitangaza njia ya kuviua vijidudu kwa dawa ya kaboliki ili vidonda visioze. Tangu hapo madaktari walithubutu kuingia mahali ambapo baba zao hawakuingia. Mwaka wa 1881, mjini Vienna, Theodor Billroth aliondoa sehemu ya tumbo la chakula yenye saratani, akaunga sehemu zilizobaki. Mgonjwa aliamka, akala, akaishi miezi michache zaidi kabla ugonjwa haujamrudia.

Hata katika siku hizo za matumaini, mshipa mkuu uliendelea kusema, hapa hupiti. Shingoni mwako, upande wa kulia na wa kushoto, upo mshipa upelekao damu kichwani. Weka vidole chini ya taya nawe utausikia ukipiga. Karibu na pembe ya taya mshipa huo hugawanyika panda, na katikati ya panda hiyo kuna kifundo kidogo, kama punje ya mchele, ambacho huupima upungufu wa hewa katika damu. Kwa watu wachache kifundo hicho huota uvimbe, na uvimbe huo hukaa katika panda ya mshipa kama ndege aliyejenga kiota katika panda ya mti. Mwaka wa 1880 daktari Mjerumani, Riegner, alijaribu kuutoa, mgonjwa akafa. Mwaka wa 1886 Maydl aliutoa mwingine, lakini ilimpasa kuufunga mshipa. Mgonjwa akabaki hai, ila alipooza upande mmoja wa mwili, na usemi ukampotea. Mwaka wa 1889 Albert, huko Vienna, alifaulu kuuchambua uvimbe kutoka kwenye mshipa bila kuufunga.

Katika wagonjwa hao watatu, msomaji, utaiona historia yote ya jambo hili kwa ufupi. Wa kwanza alikufa. Wa pili alinunua uhai wake kwa bei kubwa mno. Wa tatu aliokoka kwa sababu mshipa uliachwa mzima. Lakini daktari angefanya nini kama uvimbe umekwisha kuupenya mshipa, hata hauwezi kuchambuliwa? Ilibaki njia moja tu: kuukata mshipa pamoja na uvimbe, kisha kuuunga tena, ili mto urudi katika njia yake.

Wazo la kushona mshipa halikuwa geni. Mwaka wa 1759, katika mji wa Newcastle huko Uingereza, daktari Hallowell, kwa shauri la mwenzake Lambert, aliziba tundu katika mshipa wa mkono wa mtu kwa kipande cha pini, akauzungushia uzi, kama watibu farasi walivyokuwa wakifanya. Kidonda kilipona na mshipa haukufungwa. Lakini waliojaribu baadaye kwa wanyama walishindwa, na wengi wakakata shauri kwamba mshipa haushoneki. Sababu zilikuwa tatu. Sindano za madaktari zilikuwa nene, zikaacha matundu yavujayo. Uchafu uliingia, kidonda kikaoza. Na damu, ambayo kwa asili yake huganda inapokutana na kitu kigeni, iliganda juu ya uzi ulioingia ndani ya mshipa, hata njia ikaziba. Mwaka wa 1896, mjini Chicago, John B. Murphy aliunga mshipa wa paja uliojeruhiwa kwa risasi, kwa kuiingiza ncha moja ndani ya nyingine. Ilikuwa hatua kubwa, lakini njia hiyo hupunguza upana wa mshipa, nayo haifai kila mahali.

Jibu lilitoka Lyon, mji wa Ufaransa uliokuwa mashuhuri kwa hariri. Tarehe 24 Juni 1894, Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu akiwa katika gari lake mjini humo. Kisu kiliukata mshipa upelekao damu ya matumbo kwenye ini. Madaktari hodari wa mji walikuwapo, lakini hakuna aliyeweza kuuunga mshipa huo, na rais akafa muda mfupi baada ya saa sita ya usiku. Alikuwapo mjini kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, karibu kutimiza miaka 21, jina lake Alexis Carrel. Husimuliwa kwamba alisema waziwazi kwamba mshipa ule ungaliweza kushonwa, na kwamba rais alikufa kwa upungufu wa ujuzi wa madaktari. Maneno kama hayo hayapendezi masikioni mwa wakubwa. Lakini Carrel hakuishia kwenye maneno.

Alikwenda kujifunza kwa nani? Hakwenda kwa profesa. Alikwenda kwa Bibi Leroudier, mtarizi wa Lyon, mwanamke aliyepata riziki yake kwa sindano. Ukiwatazama mafundi wetu wa pwani wanaoshona kofia za vito, utaelewa alichokitafuta. Mshona kofia hutoboa kitambaa kwa matundu madogo, kisha huzungushia uzi kila tundu, nyuzi zikikaribiana kama meno ya kitana, na kitambaa kisikunjamane. Kwa mwalimu wake Carrel alijifunza kushika sindano nyembamba sana na uzi wa hariri usiozidi unywele kwa unene, na kutia mishono midogo kwa haraka bila kukirarua kitambaa. Alizipaka sindano na nyuzi zake vaselini ili zipite bila kukwaruza na ili damu isigande juu yake.

Mwaka wa 1902 alitangaza njia yake. Nayo ni rahisi kuieleza. Mshipa ni bomba laini la duara, na kulishona duara ni vigumu, kwa kuwa ukuta wa mbele hujikunja na sindano hushika ule wa nyuma. Carrel alitia mishono mitatu, kwa nafasi zilizo sawa, kuziunganisha ncha mbili za mshipa. Kisha nyuzi hizo tatu zikavutwa. Papo hapo duara likawa pembetatu, na kila upande wa pembetatu ukawa mstari ulionyoka, ambao ni rahisi kuushona kama pindo la nguo. Chukua majani mawili laini ya kitunguu, yale yenye uwazi ndani, ukajaribu kuyaunga ncha kwa ncha, kwanza ovyo na kisha kwa njia hii, nawe utaona tofauti kwa macho yako.

Carrel aliondoka Ufaransa mwaka wa 1904, akaenda Chicago, ambako alifanya majaribio mengi pamoja na Charles Guthrie, kisha mwaka wa 1906 akaingia katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Mwaka wa 1908 aliamshwa usiku kumwokoa mtoto mchanga aliyekuwa akitokwa damu isiyokoma. Aliunga mshipa wa mkono wa baba na mshipa wa mguu wa mtoto, damu ya mzazi ikamwingia mwanawe, na mtoto akaishi. Mwaka wa 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Guthrie hakupewa.

Walakini usidhani kwamba tangu hapo kila uvimbe ulikatwa. Sindano ilikuwa tayari, lakini ilihitaji wenzi. Karl Landsteiner alikuwa amekwisha kugundua makundi ya damu, mwaka wa 1901, hata ikajulikana damu ya nani yaweza kupewa nani. Mwaka wa 1916 huko Baltimore mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, alikuta katika ini la mbwa kitu kizuiacho damu kuganda. Kutokana na uchunguzi huo ilipatikana dawa ya heparini, ambayo ilianza kutumiwa kwa watu katika miaka ya 1930. Sasa daktari aliweza kuubana mshipa kwa muda, akaushona, na damu isigande ndani yake.

Hapa inanipasa kukuambia jambo ambalo vitabu vingine hulipita kimya. Carrel, aliyefundishwa na mwanamke mfanyakazi, hakujifunza kwake heshima ya binadamu wote. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1935 alitetea fikira kwamba baadhi ya watu ni bora kwa uzao kuliko wengine, na akapendekeza hata kuuawa kwa gesi kwa baadhi ya wahalifu. Akili iliyofumbua fumbo la mshipa ilishindwa kuona utu wa jirani. Alikufa Paris mwezi wa Novemba mwaka wa 1944.

Mwezi huohuo, ng'ambo ya bahari, historia ilimjibu. Katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore alikuwapo mtu mweusi aitwaye Vivien Thomas. Alikuwa mwanafunzi wa useremala kwa baba yake, akiweka akiba aende chuo cha udaktari, lakini benki ilianguka na akiba yake ikapotea. Mwaka wa 1930 aliajiriwa katika maabara ya daktari Alfred Blalock, na kwa muda mrefu akaandikwa katika daftari la mishahara kama mfagizi. Mikono yake ilikuwa hodari kupita kiasi. Yeye ndiye aliyefanya majaribio mengi juu ya mbwa, akitengeneza vyombo na kuzirekebisha sindano, mpaka akapata njia ya kuunga mshipa mmoja karibu na moyo na mwingine uendao mapafuni, kwa ajili ya watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo hata wakawa rangi ya buluu kwa kukosa hewa. Daktari Helen Taussig ndiye aliyeleta wazo la kuwasaidia watoto hao. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kwanza, na Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma yake, akimwelekeza mshono kwa mshono. Hakuwa na shahada yoyote. Mwaka wa 1976 chuo kile kilimpa shahada ya heshima, baada ya yeye kuwafundisha kushona mishipa madaktari wengi waliokuja kuwa mabingwa.

Tukiendelea mbele, cherehani nayo iliingia katika hadithi. Kama kipande kirefu cha mshipa kimekatwa, ncha mbili hazifikiani. Madaktari walitumia vipande vya mishipa ya mgonjwa mwenyewe, lakini kwa aota hapana mshipa mwingine wenye unene wa kutosha. Katika miaka ya 1950 Michael DeBakey, mwana wa wahamiaji kutoka Lebanon, aliyefundishwa kushona na mama yake, alinunua kitambaa cha Dacron katika duka la nguo mjini Houston, akashona mabomba kwa cherehani. Mwili uliyapokea, na damu ikapita.

Basi sasa uvimbe ulioshika mshipa uliweza kukabiliwa. Allen Whipple wa New York alikuwa ametangaza mwaka wa 1935 njia ya kuondoa kichwa cha kongosho chenye uvimbe. Kongosho limelala juu ya mshipa uleule uliomwua Rais Carnot, pamoja na tawi lake litokalo matumboni. Na uvimbe ulipoigusa mishipa hiyo, madaktari waliacha. Mwaka wa 1951 madaktari wa Marekani walitoa habari za mgonjwa ambaye kipande cha mshipa wake kilikatwa pamoja na uvimbe, kisha mshipa ukaungwa. Mwaka wa 1973 Joseph Fortner wa New York alitetea kuondoa mishipa pamoja na uvimbe kama desturi. Katika siku hizo za mwanzo vifo vilikuwa vingi, na wengi waliuliza kama dawa haikuwa kali kuliko ugonjwa. Siku hizi, katika hospitali zenye mazoea ya kazi hiyo, mshipa huo hukatwa na kuungwa kwa usalama ulio mkubwa zaidi, na mara nyingi dawa za saratani hutangulia ili kuupunguza uvimbe.

Mfano mwingine ni saratani ya figo. Pengine huota ndani ya mshipa wa figo, ikaingia katika mshipa mkuu urudishao damu, ikapanda humo kama mmea utambaao, hata ikaingia ndani ya moyo. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, John Gibbon alifaulu kumpasua moyo msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Kwa mashine kama hiyo madaktari leo waweza kuupoza mwili mpaka kadiri ya nyuzi 18 za Selsiasi, kuusimamisha mwendo wa damu kwa kadiri ya nusu saa, kuufungua mshipa, kuutoa uvimbe, kuushona mshipa, na kumrudisha mgonjwa katika joto la uhai. Al-Zahrawi angalisikia habari hiyo, angaliiona kuwa hekaya.

Hata hivyo mpaka haukuondoka, umesogezwa tu. Uko uvimbe ambao hata leo daktari mwema huuacha, kwa kuwa umezagaa mwilini na kuukata mshipa hakutamwongezea mgonjwa siku, bali kutamwongezea maumivu. Kujua wakati wa kuacha ni sehemu ya ujuzi kama kujua kushona. Na uvimbe uliogunduliwa mapema, kabla haujaufikia mshipa, hauhitaji maajabu haya yote. Kwa hiyo mtu akiona uvimbe mwilini mwake asiufiche kwa haya wala kwa hofu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Msomaji kijana, yamkini wewe ni miongoni mwa wale wanaodhani kwamba kazi ya mikono ni ya waliokosa nafasi darasani. Yapitie tena majina niliyokutajia. Kinyozi asiyejua Kilatini alirudisha uzi. Watibu farasi walionyesha mshono wa kwanza. Mtarizi wa Lyon alifundisha sindano. Seremala aliyeandikwa kuwa mfagizi aliwafundisha mabingwa. Mama mshonaji alimfundisha mwanawe ushonaji, na mwanawe akaushonea moyo njia mpya. Vitabu vilikuwa lazima, maana bila Harvey na Landsteiner sindano ingekuwa kipofu. Lakini vitabu peke yake vilisimama kando ya kitanda cha Rais Carnot usiku ule wa Lyon, vikiujua mshipa kwa jina lake, na vikashindwa kuushona.